Fundi na Bendi Yake

Fundi wa redio wa pale Boito hakuwa na bendi. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu kwenye jalada la kanda yake, karatasi ya fotokopi iliyokatwa kwa makasi butu, paliandikwa kwa herufi kubwa "Fundi na Bendi Yake", na wageni waliopita sokoni waliuliza bendi hiyo inapiga wapi Jumamosi. Bendi ilikuwa yeye mwenyewe, redio-kaseti ya milango miwili, kinanda kidogo cha betri chenye vitufe viwili visivyolia, na sauti za watu ambao hawakuombwa ruhusa. Mmoja wa watu hao alikuwa mama yangu.

Mama hayuko tena. Sauti yake haikubaki mahali popote ila ndani ya wimbo wa tatu wa kanda hiyo, upande wa kwanza. Na mimi niliyekuwa mchekaji mkuu wa Fundi, mimi niliyemwiga kwenye chumba cha walimu mpaka mwalimu mkuu akamwagikiwa na chai, nakala yangu nilikuwa nimeifuta kitambo. Nitafika huko. Kwanza nimseme Fundi, maana kumsema ndiko nilikozoea.

Duka lake lilikuwa kati ya posho mill na bucha, kwa hiyo upande mmoja alipata unga na upande wa pili nzi. Alivaa koti la kijivu la mvua hata jua likiwaka, na bisibisi aliichomeka kwenye soksi. Ukimletea redio aliigeuza, akaitikisa karibu na sikio, akaiweka chini polepole kama daktari mwenye habari mbaya. Kisha alisema sentensi yake ileile: haijaharibika, imechoka tu. Uje Alhamisi. Hakusema Alhamisi ya lini. Kuna mzee wa Kapkoros, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliyekuja Alhamisi nyingi hata akaanza kuacha debe lake la maziwa pale dukani na kwenda zake sokoni, kana kwamba amekuja tu kusalimia. Redio yake ilikuwa imepona zamani. Ilikuwa chumba cha nyuma, ikifanya kazi kwenye bendi.

Hicho chumba cha nyuma ndicho alichokiita studio. Kuta alizitundikia magunia ya majani chai, na juu ya magunia akabandika trei za mayai, kwa sababu alisikia mahali kwamba trei za mayai hunyonya mwangwi. Paa lilikuwa bati tupu. Sasa mtu wa kwetu anajua mvua yetu: saa nane mchana iko hapo, mara nyingi na mawe. Mtu mwingine angeweka dari. Fundi aliamua kurekodi asubuhi, na siku aliposahau saa, mawe yakapiga bati katikati ya wimbo, aliyaacha ndani. Wimbo wa sita una dakika nzima ambayo hakuna kinachosikika ila mvua ya mawe. Nilipomuuliza alinitazama kwa huruma, akasema hizo ni ngoma, na kwamba Nairobi wangezilipia.

Jinsi alivyofanya kazi niliiona kwa macho yangu, na siwezi kusema ilikuwa kazi ya mtu mvivu. Watu walimletea kanda zilizomezwa na mashine: kanda za harusi, za mazishi, za krusedi, za harambee. Alizinyoosha utepe kwa vidole, akazizungusha kwa kalamu ya biro, akaziponya. Lakini kabla hajakurudishia alizisikiza zote mwanzo hadi mwisho, na akipata kipande kilichompendeza alikinakili. Kicheko cha bibi harusi. Mzee akikohoa kabla ya kuomba. King'ora cha kiwanda cha chai alikifuata mwenyewe, akasimama nje ya geti la kiwanda na redio kifuani hata askari wa mlangoni akamfukuza. Kisha alikaa na mlango wa kwanza wa kaseti ukicheza na wa pili ukirekodi. Anabonyeza, anasimamisha, anarudisha nyuma, anabonyeza tena. Kicheko kimoja cha sekunde mbili kikawa vicheko arobaini vilivyofuatana, kila kimoja kimeunganishwa kwa kidole gumba. Kidole hicho kilikuwa na sugu kuliko mikono ya wachumaji chai.

Ala yoyote ya muziki hakuijua. Kanisani alipiga kinanda kwa kidole kimoja, na kwaya ilijifunza kumngojea.

Kuhusu wizi, maana tuuite kwa jina lake, alikuwa na msimamo ambao ungemfaa mwanasiasa. Aliulizwa mara nyingi kwa nini anachukua sauti za watu, na jibu lake lilikuwa moja. "Sauti ikishatoka kwa mdomo si yako tena," aliniambia siku moja, akipuliza vumbi kwenye kaseti. "Ni ya ule ako na mashini." Lakini mtu huyohuyo aligonga muhuri nyuma ya kila jalada, muhuri aliochongewa Sotik kwa bei ya kuku jogoo, unaosema kwamba haki zote zimehifadhiwa na kunakili ni wizi. Nilimsomea maneno hayo kwa sauti mbele ya wateja watatu. Hakuona cha kucheka. Alisema watu wa hapa wasipoonywa wataiba.

Kanda yenyewe aliiita Majani Mawili na Chipukizi, vile tunavyofundishwa kuchuma chai. Ilikuwa na nyimbo tisa. Ilitoka, ikiwa neno kutoka linafaa, siku ya soko, ikapangwa juu ya meza kati ya betri na nyaya za aerial, na spika moja kubwa ikaelekezwa barabarani.

Wa kwanza kukasirika alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani. Wimbo wa kwanza ulikuwa sauti yake, iliyorekodiwa bila yeye kujua, akirudisha majani ya wakulima kwenye mizani: "Hii imerudi. Hii si chai, hii ni chakula ya ng'ombe." Chini yake kinanda kilipiga mdundo wa harusi. Kufikia wiki iliyofuata karani hakuweza kurudisha gunia bila foleni nzima kumalizia sentensi yake kwa kuimba, kina mama wakitingisha mabega. Alivumilia siku chache. Halafu akaanza kukubali majani ambayo hata mimi ningeyarudisha, na kiwandani wakamwandikia barua. Hiyo ndiyo faida pekee ambayo muziki wa Fundi uliwahi kuwaletea wakulima wa Konoin, na haikudumu.

Wa pili alikuwa mchungaji. Haleluya yake ya krusedi ya Bomet ilikuwa kwenye wimbo wa tano, imerudiwa hata ikafanana na mtu anayepiga chafya. Fundi akaitwa mbele ya wazee wa kanisa. Alienda na redio yake, akasema hawezi kuhukumiwa kwa kitu ambacho wazee hawajakisikiza. Wakasikiza. Mimi sikuwemo, lakini mzee mmoja ni baba mdogo wangu, naye aliniambia kwamba chini ya meza ile viatu vilikuwa vikigonga sakafu. Mwisho wa yote ikabainika kwamba mchungaji hakulalamikia kuibiwa. Alilalamikia kwamba Fundi alichagua Haleluya ya siku aliyokuwa na homa, ilhali alikuwa na nyingine nzuri zaidi. Fundi alisimamishwa kinanda kwa miezi mitatu, na kwaya ikaimba vizuri miezi mitatu.

Redio ya taifa nayo aliipelekea nakala, imefungwa kwa karatasi ya khaki. Kwa majuma alitega kipindi cha salamu, sauti juu, akinyamazisha wateja. Jibu lilikuja kwa posta: walimshukuru, lakini ubora wa sauti haukufikia kiwango. Mtu mwenye akili angeichoma barua hiyo. Fundi aliitia fremu, akaitundika juu ya meza, kwa sababu ilikuwa na nembo na muhuri na ilianza na "Mpendwa Msanii". Hakuna aliyesoma zaidi ya hapo, naye alitegemea hivyo.

Na bado kanda iliuzika. Hili lilimvimbisha kichwa kabisa. Watu walikuja kutoka Mogogosiek na hata ng'ambo ya mpaka, upande wa Kisii, wakinunua mbili mbili, tatu tatu. Fundi akaanza kutembea katikati ya barabara. Akaanza kuvaa miwani ya jua kwenye ukungu. Ilichukua muda kabla ya mtu yeyote kumwambia sababu, na aliyemwambia, kwa raha kubwa, alikuwa mimi. Fundi alikuwa amepanga bei yake chini kidogo ya bei ya kaseti tupu, ili watu waweze kununua. Na watu waliweza. Walikwenda nayo nyumbani, wakaziba kwa karatasi yale matundu mawili ya juu ambayo huzuia kurekodi, wakarekodi juu yake mahubiri, kwaya na mpira. Alikuwa anauza kaseti tupu za bei nafuu kuliko zote nchini, na kila moja ilikuja na jalada.

Nilimweleza haya dukani kwake, nikicheka hata nikashika meza. Yeye alivua miwani, akaifuta kwa koti. Akauliza kama ni wote. Nikasema wote niwajuao, hata mimi, maana yangu nilirekodia kwaya ya shule iliyokwenda mashindano ya mkoa. Aliichukua bisibisi kwenye soksi akaanza kufungua redio iliyokuwa tayari imefunguliwa.

Sasa nieleze mama alivyoingia kwenye bendi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mbali na nyumbani, mama hakujua kuandika na hakutaka kumwandikisha mtu mambo yake. Basi akawa anakwenda kwa Fundi, anakaa juu ya kreti ya soda kwenye chumba cha nyuma, na kunirekodia barua. Si yeye peke yake. Nusu ya wazazi wa kule walituma barua za kaseti. Mpango ulikuwa kwamba kaseti ni moja. Inakuja na sauti ya mama, nasikiza, kisha najibu juu yake, palepale aliposema yeye, na kuirudisha na mtu anayesafiri. Naye akishanisikiza anarekodi juu yangu. Tulifanya hivyo miaka miwili. Kaseti ilikwenda na kurudi kama ndoo ya kisimani, na kila nilipomjibu mama nilikuwa namfuta. Sikuwaza hata siku moja. Kaseti zilikuwa ghali na sisi tulijiona werevu.

Mama na mashine hawakuelewana. Kwetu, ukimzungumzia mtu jambo la maana, unangoja aitikie ndipo uendelee; ukiendelea bila kuitikiwa ni kama unamsemesha ukuta. Kwa hiyo kila baada ya sentensi mbili tatu mama alisimama, akauliza kwa Kikipsigis, "Ikase?" Unasikia? Kisha akanyamaza, akangoja. Fundi alimwambia mara nyingi kwamba mtoto hawezi kujibu sasa hivi, atajibu mwezi ujao. Mama alimwambia hayo ni mambo ya mashine, yeye anaongea na mtoto wake. Hivyo barua zangu zote zilikuwa na mashimo. Ng'ombe mwekundu amezaa, ikase? Kimya. Mvua ya mawe imechapa chai ya upande wa chini, ikase? Kimya. Niliwapigia wenzangu kaseti hiyo bwenini, tukacheka.

Fundi alichukua neno hilo moja na kulifanyia wimbo. Wimbo wa tatu: kinanda kinaanza, vicheko vya bibi harusi vinaingia, mama anauliza "Ikase?", halafu kila kitu kinakatika. Muziki wote. Unahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo kinanda kinarudi, na mama anauliza tena. Huo ndio wimbo nilioupenda kuucheka kuliko zote. Niliwaambia walimu kwamba bendi ya Fundi ni ya pekee duniani, betri zake hufa kila ubeti na kufufuka.

Mama mwenyewe aliusikiza pale dukani, amesimama, mzigo wa kuni mgongoni. Aliusikiza mara mbili. Akasema kwamba umeimbwa vizuri lakini mbona hakuna anayemjibu. Kisha akaenda kituo cha majani kuwatangazia wenzake kwamba yeye sasa yuko kwenye bendi. Nilimwambia nyumbani aache, watu wanamcheka. Hakuniuliza ni watu gani.

Alifariki miaka mitatu baadaye, kwa mapafu, wakati wa baridi ya Julai. Vimebaki vitu vyake vingi: shamba, ng'ombe wa ukoo wa yule mwekundu, leso zake, picha moja ya kitambulisho ambamo amekasirika. Lakini mwaka haujaisha, nikajikuta siku moja shambani nikijaribu kukumbuka sauti yake na kupata sauti yangu mimi nikimwiga. Niliogopa sana siku hiyo. Nikapekua nyumba nzima. Kaseti ya barua niliipata, na ndani yake nilikuwa mimi, kijana mwenye majivuno, nikiomba nitumiwe viatu. Nikaanza kuzunguka nikiomba Majani Mawili na Chipukizi, nyumba kwa nyumba, kanda niliyoidhihaki miaka yote hiyo. Watu walinipa kwa moyo mweupe. Nilisikiza mahubiri ya kutosha kumwokoa mtu mbaya kuliko mimi. Nilisikiza nusu ya fainali ya mpira. Kwaya yangu ya shule niliisikiza pia, na iliimba vibaya.

Ilibaki Fundi. Nilipita mbele ya duka lake siku nne kabla ya kuingia.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa amezeeka kwa ghafla, koti lilelile, miwani ya jua imekatika mkono na kufungwa kwa waya wa shaba. Barua ya "Mpendwa Msanii" ilikuwa bado ukutani, imekuwa ya manjano. Nilitaka kuanza na utani, nikashindwa. Nikamwambia moja kwa moja: Fundi, namtafuta mama. Yeye hakuuliza maana yake. Alifuta mikono, akainama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo, kwenye pamba, kulikuwa na kanda moja. Vijino vya juu alikuwa amevivunja na matundu akayapanua kwa bisibisi ya moto, karatasi isishike, ili asiwepo mtu wa kuirekodia kwaya.

"Umebakisha moja tu?" nilimwuliza.

"Wateja yangu walikuwa wanapenda kaseti tupu," akasema. Hakutabasamu.

Nikamwomba aninakilie. Akaelekeza kidole kwenye ule muhuri wake mezani, ule wa kunakili ni wizi, akangoja niusome. Nilistahili. Nikamwambia nilimkosea, kwamba nilimcheka kwa sababu ilikuwa rahisi na watu walipenda, na kwamba mama aliona kitu ambacho mimi na cheti changu cha ualimu hatukukiona. Nilisema vibaya, nikirudia maneno. Alisikiza akiangalia bati. Ilikuwa karibu saa nane, na matone ya kwanza yalianza, kisha mawe yakashuka yote kwa pamoja, ikawa hata ukipiga kelele husikiki. Tulikaa hivyo, watu wazima wawili kwenye kreti za soda, tukingoja ngoma zake za Nairobi ziishe.

Zilipoisha aliweka kanda mlango wa kwanza, na mlango wa pili akaweka kaseti mpya, bado kwenye nailoni. Aliifungua kwa meno. Kisha akachomeka maikrofoni na kuiweka mkononi mwangu. Nikamwuliza ya nini.

"Kwani ulikuwa unafikiria hapo betri ilikuwa inakufa?" akasema. "Mimi nilijaribu kuweka kinanda hapo, ikakataa. Nikaweka kicheko, ikakataa. Mama alikuwa anangoja mtu, Mwalimu. Mimi si huyo mtu. Nikawacha wazi."

Akabonyeza. Kinanda kikaanza, kibovu vilevile, kimekosa vitufe viwili. Bibi harusi akacheka. Halafu mama akaingia, karibu kabisa, na pumzi yake ya kupanda mlima, na nyuma yake kwa mbali ng'ombe wa mtu.

"Ikase?"

Muziki ukakatika. Nilijua neno la kujibu, mtoto wa miaka miwili kwetu analijua. Nilileta maikrofoni mdomoni, ikanigonga meno. Kimya kilipita chote, kinanda kikarudi, na ndipo nikasema, juu ya kinanda, kwa sauti ambayo sikuitambua: "Akase." Nasikia.

Fundi akasimamisha mashine kwa kile kidole gumba chake.

"Umechelewa kuingia," akasema, akaanza kurudisha kanda nyuma. "Shika maikrofoni vizuri. Mama atauliza tena."